Moja Nukta Kumi

Kuna watu hugombania mpaka wa shamba, kuna wanaogombania mume, na kulikuwa na wale wa ghorofa ya pili, juu ya duka la mabomba, waliogombania nambari siku tano nzima. Walinuniana mpaka kila mtu akawa anajichemshia chai yake.

Nambari yenyewe haikuwa ya simu wala ya nyumba. Ofisi ile ilitengeneza mashine za kutotolesha vifaranga, masanduku meupe yenye kioo kidogo mlangoni. Ndani ya kila sanduku mlikuwa na programu, yaani akili ya mashine: ndiyo iliyojua joto liwe kiasi gani, trei zigeuzwe lini, na leo ni siku ya ngapi tangu mayai yaingie. Akili hiyo kila iliporekebishwa ilipewa nambari mpya na kuwekwa kwenye kompyuta moja ya mbali waliyoiita rafu. Kila mashine, huko iliko, huchungulia rafuni kila saa, dakika ya tano, kuona kama kuna nambari kubwa kuliko yake. Ikiiona, huichukua yenyewe. Mashine mia mbili na kumi za wateja zote zilikuwa na toleo la moja nukta tisa. Ugomvi ulikuwa huu: baada ya moja nukta tisa kinafuata nini?

Mkubwa wa ofisi alitaka mbili. Mwezi uliofuata alikuwa na maonyesho ya wafugaji, naye alishikilia kwamba mwanamume mzima hawezi kusimama mbele ya umati akatangaza nukta. Fundi wao, ambaye kichwa kilimjaa mvi kabla hajafika miaka thelathini, na kwa hiyo hawakuhangaika kumtafutia jina lingine ila Mvi, alitaka nambari tatu zenye nukta mbili: ya kwanza ya mageuzi makubwa, ya pili ya nyongeza, ya tatu ya viraka. Wa tatu alikuwa mwanamke aliyesimamia matoleo. Hakuna kilichotoka mle bila kupita mkononi mwake, na kwa kuwa hakuweza kuona sentensi isiyo na nukta akaiacha hivyo hivyo, hata kwenye tangazo la msiba, walimwita Nukta.

Nukta alitaka nambari mbili tu, na sheria. Ya mbele ikibadilika, mashine isahau yote na kuanza maisha upya. Ya nyuma ipande moja moja, kila kitu kinaporekebishwa. Kwa hiyo baada ya tisa, kumi, na hakuna cha kujadili. Mvi alipotetea nambari zake tatu, Nukta alimwambia mbele ya watu kwamba toleo si treni, halihitaji behewa la nyuma la kubebea kuku. Mkubwa akacheka mpaka akakohoa. Mvi hakucheka. Aliuliza kwa sauti ya chini kama mashine zenyewe zinajua kwamba kumi ni kubwa kuliko tisa, na Nukta akamjibu kwamba hilo hata mtoto wa chekechea analijua.

Basi Nukta akashinda. Jumatano jioni aliliweka rafuni toleo la moja nukta kumi, akaichapa sheria yake, akaibandika ukutani juu ya birika, mahali ambapo hata mwenye kununa lazima apite.

Jambo ambalo hakulisema kikaoni ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa na mayai kwenye ugomvi ule. Si yake hasa. Ya mama mkwe wake.

Miaka minane ya ndoa, bibi yule aliamini kwamba mkaza mwana wake analipwa kwa kuchezea kompyuta. Akiulizwa na watu mke wa mwanao anafanya kazi gani, alijibu yuko ofisini, anakaa. Mwaka jana ndipo alipoanza kuuliza maswali. Mwaka huu akakubali mashine iingie kwenye chumba cha pembeni ya jiko lake. Na kwa kuwa si mtu wa kuingia majini kwa kidole, aliwagawa kuku wake watetea wote sita, akatia mayai mia na ishirini, akawaahidi majirani wawili vifaranga, na akatangaza kwamba mke wa mwanawe ndiye anayejua. Mtu akikusifu hivyo hadharani hujui kama amekuvika taji au amekutia kitanzi.

Siku ya kumi na moja umeme ulikatika tangu adhuhuri hadi jua linazama. Mama mkwe aliifunika mashine mablanketi matatu, akaipigia magoti kama mgonjwa. Umeme uliporudi, mashine iliamka kama mlevi, haikumbuki ilikotoka. Kiooni ikaandika: siku ya kwanza.

Hiyo ndiyo hitilafu iliyokuwemo ndani ya moja nukta tisa, na si ndogo. Siku kumi na saba za mwanzo yai hutaka kugeuzwa, lakini ya kumi na nane ikitimia trei lazima isimame, kwa sababu kifaranga sasa anatafuta mahali pa kuweka kichwa ili atoboe. Ukiendelea kumpindua hajui juu ni wapi na chini ni wapi. Mashine iliyosahau siku ingempindua siku nyingine kumi. Na huwezi kuizima trei peke yake, maana waya wa trei na wa joto ni mmoja, ubunifu wa Mkubwa wa kubana matumizi. Chini nako ni beseni la maji, hapalazwi yai.

Dawa Mvi alikwisha kuitengeneza: mashine ikumbuke siku hata umeme ukikatika, na ikiwa imekwisha kusahau, imuulize mwenyewe na kukubali jibu lake. Dawa ilikamilika Ijumaa. Siku tano zilizofuata ilikaa mlangoni ikisubiri jina. Nukta alikuwa amemwambia mama mkwe wake asihofu, dawa itafika kabla ya siku ya kumi na nane.

Siku ya kumi na nane ilikuwa inatimia Alhamisi hiyo, saa kumi jioni.

Aliingia ofisini saa tatu asubuhi akiwa mwepesi, hata akachemsha chai ya watu watatu. Hajaimimina, simu ikalia. Akaamkia, akaitikiwa, na kabla hajauliza hali akaulizwa swali.

"Hiyo dawa yako imepanda basi gani?"

Nukta akasema imefika tangu jana jioni, mama atazame tu kioo. Mama mkwe akajibu kwamba yuko mbele ya kioo tangu alfajiri na amekaribia kujua unene wake. Akakisoma neno kwa neno: toleo moja nukta tisa, hakuna toleo jipya, siku ya saba. Trei imetoka kugeuka sasa hivi, ameisikia ikilia kama mlango wa choo.

"Mimi sikusoma sana," alisema, "lakini saba si kumi na nane."

Nukta alisema kuna jambo dogo anaangalia. Alikata simu, akaketi, akafungua orodha inayoonyesha kila mashine ina toleo gani. Moja nukta tisa, moja nukta tisa, moja nukta tisa, toka juu mpaka chini. Katika mashine mia mbili na kumi, hakuna hata moja iliyolichukua toleo jipya. Toleo lilikuwa rafuni usiku kucha kama embe lililoiva njiani, watu mia mbili na kumi wakapita bila kuinama.

Alisimama. Akaketi. Akafungua dirisha, akalifunga. Akahakikisha toleo lipo rafuni, lipo. Akahakikisha rafu inafikika, inafikika. Mguu wa kulia ulikuwa umeanza kupiga cherehani chini ya meza na hakuweza kuusimamisha. Saa nne na dakika tano mashine zote zilichungulia tena, akaziona zikichungulia, zikaridhika na zilichonacho, zikaondoka. Mahali fulani trei ya mama mkwe ikageuka.

Saa tano ndipo alipoifungua mistari ya zamani, ile inayoiambia mashine nambari ipi ni kubwa. Ilikuwa mistari michache. Haikulinganisha nambari kama hesabu. Ililinganisha kama maneno ya kamusi, herufi kwa herufi kutoka kushoto. Moja na moja, sawa. Nukta na nukta, sawa. Kisha moja ya kumi ikasimama mbele ya tisa, na tisa ni kubwa kuliko moja, kesi imekwisha. Ile sifuri ya kumi haikuulizwa hata habari. Kwa akili ya mashine, moja nukta kumi lilikuwa toleo kuukuu, la kabla ya moja nukta mbili.

Juu ya mistari hiyo palikuwa na jina la aliyeiandika, na maneno aliyojiachia miaka sita iliyopita, wakati ofisi ina mashine tatu na haraka nyingi: Inatosha kwa sasa. Nani atafika kumi?

Jina lilikuwa lake.

Mtu akimshika mwizi nyumbani kwake akakuta ni yeye mwenyewe, hajui apige kelele au ajifiche. Nukta aliutazama mstari ule, kidole kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha kufutia, kikakaa juu yake, kikarudi. Meza ya pili Mvi alikuwa amevaa visikilizio, anatazama mambo yake. Chai ya watu watatu ilikuwa imepoa.

Mkubwa alipoingia alimkuta amesimama katikati ya chumba kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Akamwambia nusu ya ukweli: mashine hazikulichukua toleo, hazioni kwamba kumi ni kubwa. Mkubwa akafurahi waziwazi, wala hakujali kuficha meno. Si alisema? Liitwe mbili. Mbili ni kubwa kuliko moja hata kwa mlevi, hata kwa mashine. Liitwe mbili sasa hivi na yeye aende zake kuchapisha mabango.

Na ubaya ni kwamba alikuwa sahihi. Mbili mashine zingeiona. Saa sita na dakika tano toleo lingekuwa jikoni kwa mama mkwe, mashine ingemuuliza ni siku ya ngapi, angesema kumi na saba, saa kumi trei ingesimama, na jioni majirani wangesikia kwamba mke wa mwanawe ndiye anayejua. Nukta aliketi, akaandika mbili nukta sifuri. Ilikuwa saa sita kasoro dakika nane. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza.

Orodha ilikuwa bado wazi pembeni, na kila mashine ilikuwa imeandikwa siku yake. Siku ya nne. Siku ya kumi na sita. Siku ya ishirini. Siku ya ishirini na moja, ya mtu ambaye pengine dakika ile alikuwa ameinama kiooni anasikiliza milio. Sheria iliyobandikwa juu ya birika ilisema nambari ya mbele ikibadilika mashine isahau yote, na haikuwa sheria ya ukutani tu. Ilikuwa imeandikwa ndani ya kila sanduku, mwandishi ni yeye. Mbili ingezifikia zote, kwani rafu haina mlango wa ndugu na mlango wa wageni. Zote zingerudi siku ya kwanza na kuanza kupindua.

Akamwambia Mkubwa. Mkubwa akasema watawapigia simu wateja, kila mtu aiambie mashine yake siku. Nukta akamuuliza nani atawapigia watu mia mbili na tisa ndani ya saa moja, nao wako watatu, mmoja hapendi simu na mwingine ana mabango. Mkubwa akasema wengine hawana mayai ndani kwa sasa. Nukta akasema wenye mayai ndio wanaomsumbua. Mkubwa akatazama saa yake, akasema yeye ametoa ushauri, na ushauri haulazimishwi.

Nukta alitoka. Alishuka ngazi mpaka duka la mabomba, akasimama kati ya matangi, akapanda. Akashuka tena. Muuza mabomba akamuuliza amepoteza nini. Akasema hajui bado. Simu ikalia mfukoni, mama mkwe, akaiacha ilie mpaka ikachoka, na kunyamaza kwake kukamuuma kuliko mlio. Alipopanda mara ya pili hakwenda mezani kwake. Alimgusa Mvi begani, Mvi akavua kisikilizio kimoja.

"Ile mistari inayolinganisha nambari, niliiandika mimi," alisema. "Inasoma kama kamusi. Kumi inaiona ndogo."

Mvi akavua na cha pili. "Niliuliza kikaoni."

"Uliuliza kwa mafumbo."

"Niliuliza kwa Kiswahili. Ukanijibu kwa kuku." Akakuna zile mvi. "Nilitaka kwenda kuiangalia siku ile ile. Mlipocheka nikasema basi, watajionea. Kwa hiyo usiubebe mzigo wote, nusu ni wangu."

Hapo ndipo mambo yalipoanza kusogea, ingawa Nukta hakuketi. Akiwa amesimama alimuuliza Mvi nambari gani mashine itaiona kubwa bila kubadilisha ile ya mbele, na alijua jibu kabla halijatoka, ndiyo maana alitazama pembeni. Moja nukta tisa nukta moja. Kamusi nayo hufanya hivyo: neno fupi likiishia katikati ya neno refu, refu huja baadaye. Mashine ingesoma moja nukta tisa, iendelee kukuta kitu kingine mbele, iseme hili limenizidi. Siku hazingefutwa. Lilikuwa behewa la kuku lile lile.

Mvi hakulitaja behewa. Alisema tu mambo mawili. Kwanza, ndani ya toleo hilo warekebishe na ile mistari, mashine zijue kuhesabu. Pili, moja nukta kumi waliondoe rafuni, maana mashine zikishajua kuhesabu zitaligeukia, nalo bado lina mistari ya zamani, na watu watakuwa na vurugu ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza.

Mpaka saa saba kasoro walikuwa tayari, lakini Nukta hakutaka tena kuamini kitu kwa sababu hata mtoto wa chekechea anakijua. Stoo kulikuwa na mashine ya majaribio, wanaitia viazi badala ya mayai, na ina rafu yake ndogo ya uongo. Waliweka toleo pale, wakasimama mbele ya kioo kusubiri saa saba na dakika tano. Dakika ya tano ikapita. Ya sita. Ya kumi. Viazi vilikuwa vimetulia, kioo cheusi. Mvi akaufuata waya kwa mkono mpaka ukutani na kukuta kwenye soketi pamechomekwa chaja ya Mkubwa.

Saa nzima ikaliwa na chaja. Nukta aliichomoa, akaenda kuiweka juu ya mabango, na akampigia mama mkwe.

Huyo alikuwa amenuna kwa adabu, na mnuno wa namna hiyo hauna dawa. Alisema trei imegeuka saa nne, saa tano, saa sita na saa saba, ameandika kwenye karatasi kama ushahidi. Nukta akamweleza kwamba dawa iko njiani kwa jina jingine, na kwamba mashine inapata intaneti kupitia simu yake hiyo anayozungumzia. Akipiga simu, intaneti inakatika, mashine haioni rafu. Kwa hiyo anamwomba radhi, lakini kuanzia saa tisa kasoro mama asimpigie kabisa, aiweke simu juu ya sanduku, asubiri. Mashine ikiuliza siku, aiambie.

"Nisikupigie," alisema mama mkwe.

"Ndiyo mama. Tafadhali."

"Haya."

Saa nane na dakika tano viazi vililipokea toleo la moja nukta tisa nukta moja. Kioo kikauliza leo ni siku ya ngapi. Mvi akajibu kumi na nane, na trei ikasimama na viazi vyake. Hawakushangilia. Saa nane u nusu Nukta aliliondoa moja nukta kumi, akaliweka jipya kwenye rafu ya kweli, akakaa mbele ya orodha mikono imeshikana mapajani, kama mtu aliye foleni ya daktari.

Saa tisa na dakika tano orodha ikaanza kubadilika. Mistari miwili, mitano, kumi, kisha ikawa inabadilika haraka kuliko macho. Siku zilikuwa palepale: ya nne ilibaki ya nne, ya ishirini na moja ilibaki ya ishirini na moja. Mpaka dakika ya ishirini mashine mia moja tisini na nne zilikuwa zimelichukua. Nukta alishuka na orodha kwa kidole, akapanda nayo. Ya mama mkwe ilikuwa bado. Moja nukta tisa. Siku ya saba.

Alishika simu, akaiweka chini. Akiipiga ndiye atakayeikata intaneti. Alikunywa chai iliyopoa, kikombe chake, kisha cha Mvi, kisha cha Mkubwa. Alikwenda kuivua sheria yake ukutani, akairudisha, maana gundi ilikuwa ikichuna rangi. Mvi akamshauri aende nje kidogo. Alikwenda hadi mlangoni, akarudi. Saa tisa u nusu. Saa kumi kasoro robo. Saa kumi ikapiga kwenye redio ya duka la chini, msomaji wa habari akaanza kusoma habari za dunia nzima isipokuwa ile.

Saa kumi na dakika sita mstari ukabadilika. Moja nukta tisa nukta moja. Kisha ile saba ikapepesa, ikawa kumi na nane. Nukta alikuwa bado anaitazama simu ilipolia.

Mama mkwe alisema mashine imemuuliza siku, amejibu, trei imetulia, nyumba imekuwa kimya mpaka anasikia masikio yake. Nukta akashusha pumzi, akauliza mbona saa tisa haikuchukua.

"Nilikuwa nazungumza na jirani."

"Mama, nilikuomba usipige simu."

"Uliniomba nisikupigie wewe. Sikukupigia." "Tulikuwa tunakuzungumzia."

Halafu akauliza lile ambalo Nukta alijua litakuja. Nani aliharibu? Kulikuwa na majibu mengi ya kuazima: ofisi, kompyuta, umeme, Mkubwa. Mvi alikuwa anasikia. Nukta alisema, "Mimi, mama." Akamweleza yote, tangu maneno ya miaka sita iliyopita mpaka kikao, na kwa kuwa alikwisha kuanza hakuacha kitu. Alimwambia na ya mbili: kwamba saa sita mchana alikuwa na njia ya kuyaokoa mayai yake, na kidole kilikuwa juu yake, na hakubonyeza kwa sababu ya mashine nyingine mia mbili na tisa.



"Wenye mayai hao nao wana wakwe zao," alisema mama mkwe. "Jumapili uje. Mapema."

Ijumaa ilikuwa na kikao kifupi kuliko vyote. Nambari ziwe tatu. Mkubwa alilalamika kwamba hawezi kwenda maonyeshoni na nambari yenye nukta mbili kama nzi wawili kwenye shati jeupe, Mvi akamwambia aende na mashine yenyewe, nambari ibaki ndani. Nukta ndiye aliyeiandika sheria mpya. Mvi alipoisoma alisema ameacha nukta mahali, naye hakujua kama ni kweli au anataniwa, akasoma ukurasa mzima mara tatu.

Jumapili alifika kwa mama mkwe jua halijakausha umande. Mayai yalikuwa yanagonga. Chumba kidogo cha pembeni ya jiko kilijaa mlio mwembamba, kama watu wengi wanaonong'ona nyuma ya pazia. Nukta aliinama kiooni, akasimama, akaenda mlangoni, akarudi, akainama upande wa pili.

"Kaa chini," mama mkwe alimwambia. "Unayatisha mayai."

Alikaa. Aliinuka. Mchana ulikwenda hivyo, mmoja ametulia kwenye kigoda anachambua mboga, mwingine anapima chumba kwa hatua. Jioni walihesabu pamoja, mara mbili. Vifaranga themanini na watatu. Mayai thelathini na saba hayakutoboka; mengine yalikuwa na ufa mdogo ulioishia pale pale.

Nukta aliyatazama, akasema hajui kama ni umeme wa siku ya kumi na moja, au ile trei kugeuka mara moja baada ya muda, au ni mayai tu, kwani hata kuku huacha mengine. Mama mkwe akasema naye hajui. Aliyatia kwenye ndoo, akaifunika, akanawa mikono, akajifunga khanga ya kutokea. Wale majirani wawili walikuwa wameahidiwa ishirini ishirini, alisema, na kwa hesabu anayoiona atakayepata sasa ni mmoja, wa pili asubiri mzunguko ujao, maana yeye mwenyewe ana banda la kujaza. Anakwenda kuwaambia. Nukta anakwenda naye.

Nukta aliuliza kama haitakuwa bora yeye abaki, aangalie joto la vifaranga.

"Joto linaangaliwa na mashine. Si ndiyo kazi yake?"

Wakatoka. Jirani wa kwanza alikuwa kizingitini kwake, mikono imejaa povu la kufulia, na uso wa mtu aliyekwisha kusikia nusu ya habari kwa simu na anataka nusu ya pili. Mama mkwe alimwamkia, akamuuliza hali ya watoto, hali ya mgongo, hali ya wale kuku watetea wawili aliompa. Kisha akamshika Nukta kiwiko na kumsogeza mbele, kama mtu anayesogeza taa.

"Huyu ndiye anayezitengeneza," alisema. "Aliharibu, akatengeneza. Atakueleza mwenyewe, mimi hizo nukta zinanichanganya."

Jirani akafuta povu kwenye khanga, akamvutia Nukta kiti. Nukta akabaki amesimama, akaanza kueleza.